Atanuna Siku Mbili, Atazoea

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa ukingoni mwa kitanda cha wifi yangu, yeye analia, mimi nimeshika simu yake.

Kwa aliyekosa gazeti lile, habari ni fupi. Hospitali walimpigia wifi mara tatu kumwambia nafasi ya kupasuliwa jicho imepatikana. Hakupokea. Wifi hakukaa darasani hata siku moja, na jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia linaelekea hukohuko. Jina likitokea kwenye kioo cha simu, yeye anaona ukungu. Na simu ile ilikuwa inalia mlio mmoja kwa watu wote. Daktari, jirani, mtoto wa kaka yake, na wale wa kampuni wanaokubembeleza ujiunge na vifurushi, wote wimbo uleule. Akadhani ni watu wa vifurushi. Zamu yake akapewa mwingine.

Ndiyo maana niliapa, mbele yake, kwamba kila atakayempigia simu atalia kwa sauti yake mwenyewe. Picha hazitamsaidia, herufi hazitamsaidia. Masikio anayo, tena makali kuliko yangu.

Mimi ni mshonaji. Miaka thelathini na tisa nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, dirisha linatazama barabara, meza ya kukatia iko kushoto, cherehani iko kulia. Mtaani wananiita Bibi Pindo, kwa sababu sijatoa sketi ya mtoto isiyo na pindo la kuteremsha mwaka unaofuata. Darasa la saba nilimaliza. Namba nne kati ya wanafunzi hamsini na mbili.

Nilianzia kwa yule anayetengeneza simu pale kona. Tunamwita Fundi Chaji.

"Bibi, milio ya namna hiyo inanunuliwa," akaniambia, bila kuinua kichwa.

"Sauti ya mwanangu?"

"Sauti yoyote. Mimi nakuwekea, unalipia."

"Sauti ya mwanangu niliizaa mimi. Wewe uliinunua wapi mpaka uniuzie?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi katengeneze mwenyewe, Bibi."

"Nitatengeneza."

Akanipungia mkono, kama unavyomfukuza kuku.

Ilinichukua siku tatu. Nitawaeleza, maana wapo watakaonicheka na wapo watakaotaka kujua. Kwanza unarekodi sauti kwa rekoda ya simuni, au unamwomba mtu akutumie ujumbe wa sauti. Halafu kuna programu ya bure, alama yake ni mkasi. Huo mkasi niliuelewa bila kufundishwa. Ukifungua sauti, inatandazwa mbele yako kama mshono wa zigizaga, na ina vijiti viwili, kimoja mwanzo, kimoja mwisho. Unavivuta kwa kidole. Kilichoko katikati kinabaki, cha nje kinatupwa. Unahifadhi. Inakuuliza: huu ni mlio wa simu, au wa kuamkia? Unajibu mlio wa simu. Kisha unakwenda kwenye jina la mtu, unagusa alama ya kalamu, unashuka chini mpaka palipoandikwa mlio, unachagua. Imekwisha. Hakuna aliyenidai hata senti.

Nikakusanya sauti za watu. Jirani wa ukutani akakohoa kikohozi chake, kinamtosha, hakuna asiyekijua. Binti yangu, ambaye ni nesi, akasema, "Shangazi, dawa umeweka?" Wa hospitali niliwapata mapokezi, yule dada akakubali kusema, "Mama, hospitali hapa, usikate." Mimi mwenyewe nikaweka mkasi wangu mkubwa ukikata kitambaa mezani, kruch, kruch. Wifi akausikia mara moja tu, akasema, "Huyo ni wewe. Na kitambaa ni kizito, cha kaptula."

Alibaki mwanangu wa kwanza. Yeye ni mpima ardhi, kutwa yuko juani na vijiti vyake na kamba. Nikamwomba kwa ujumbe, akatuma sauti jioni: "Shangazi, ni mimi mwanao, mpimaji. Pokea."

Hapa ndipo penye kosa langu la kwanza, nami nalisema wazi.

Mtu aliyekata vitambaa miaka thelathini na tisa hakati kwenye mstari. Anaacha nafasi ya kushonea, upana wa kidole, kila upande. Mkono unafanya wenyewe. Ukikata kwenye mstari nguo inakuwa ndogo, mtoto anarudishwa nyumbani. Basi na sauti nilizikata hivyohivyo. Kila moja niliiachia kidogo mbele, kidogo nyuma. Hakuna aliyeniambia kwamba sauti haihitaji pindo.

Sikuisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia "ni mimi mwanao", nikaridhika, nikamwekea wifi, nikarudi kwenye sketi zangu.

Ijumaa asubuhi wifi akaingia na fimbo yake, simu ameining'iniza shingoni kwa utepe niliomshonea.

"Wifi, mwanao amenipigia mara mbili tangu jana."

"Vizuri. Umemtambua?"

"Nimemtambua. Ila huyo Juma ni nani?"

"Juma gani?"

"Anayezungumza naye. Mwanao anasema, pokea, halafu anamwambia mtu, 'Cherehani tutaitoa, Juma.'"

Niliacha pedali. "Wewe umesikia vibaya."

"Macho yangu ndiyo mabovu. Masikio usiyaingize."

Nikachukua simu yangu, nikampigia mwanangu, nikamwambia ampigie shangazi yake, anamtaka. Tukakaa tunaisubiri simu kama wanaosubiri maji yachemke. Ikalia.

"Shangazi, ni mimi mwanao, mpimaji. Pokea. Cherehani tutaitoa Juma. Shangazi, ni mimi mwanao, mpimaji. Pokea. Cherehani tutaitoa Juma."

Wifi akapokea, akamsalimia, akamuuliza habari za mgongo wake, akakata.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Juma yupi sasa? Yule fundi bomba?"

"Fundi bomba alihama."

"Yule aliyekuwa anauza mkaa?"

"Huyo si alifariki, wifi?"

"Alifariki, ee. Basi huyo hawezi kubeba cherehani."

Tulicheka. Nasema ukweli, tulicheka mpaka wifi akafuta macho. Halafu mimi nikaacha kucheka kabla yake, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshafungua ule ujumbe wa sauti wenyewe, mzima, kabla ya mkasi. Mwanangu alisahau kuzima. Ulikuwa wa dakika nzima.

"Cherehani tutaitoa Jumatatu, akiwa kliniki," alisema mwanangu. Sauti ya mkewe ikauliza kitu kwa mbali. "Eti nini? Hapana, hatumwambii. Akirudi atakuta sinki la saluni limeshafungwa. Atanuna siku mbili, atazoea."

Mimi nikarudia kusikiliza. Nikarudia tena.

Sasa nikakumbuka. Mkwe wangu alikuja wiki mbili nyuma, mpole, akapima ukuta wa chumba changu kwa futi yangu mwenyewe, ile ninayopimia viuno vya watoto. Nikamuuliza anapima nini. "Pazia, mama," akasema. Nikamshikia upande mmoja wa futi. Mimi huyu.

Na kliniki ya Jumatatu alinipangia binti yangu. Aliniletea kadi mwenyewe, na tarehe imeandikwa. Kipimo cha macho, akasema, kwa sababu mwezi uliopita sindano ilinipitia kidoleni.

"Utafanya nini?" wifi akauliza.

"Nitatengeneza mlio."

Hili ni kosa la pili, na hili silijutii. Nilifungua programu ya mkasi, nikatafuta yale maneno ya mwisho, nikavuta kijiti cha kwanza, nikavuta cha pili. Kwa mara ya kwanza maishani nilikata palepale kwenye mstari, bila kuacha hata uzi. Kipande hicho nikakiweka kwenye jina la mwanangu, kwenye simu yangu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Ningeweza kumpigia nikalia. Ningeweza kwenda kwake nikakaa barazani mpaka majirani waulize. Sikutaka. Nilishona sketi sita siku ile, na zote zilinyooka.

Jumapili mchana wakaja wote. Walikiita kikao cha afya ya mama. Mwanangu alikaa kwenye kiti cha wateja, mkewe pembeni yake na mkoba magotini, binti yangu nesi alisimama karibu na dirisha. Wifi alikaa kwenye kigoda chake karibu na cherehani, mikono juu ya fimbo.

"Mama," akaanza mwanangu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "umefanya kazi kubwa. Umetusomesha. Sasa upumzike."

"Napumzika. Saa sita mpaka saa saba kila siku."

"Kupumzika kwenyewe, mama."

"Na cherehani?"

"Cherehani ipo. Nani ameigusa? Tunazungumza tu. Hakuna jambo litakalofanyika bila wewe kujua."

"Bila mimi kujua?"

"Mama, tangu lini nikakuficha kitu?"

Nikajipapasa mifukoni, nikainua vitambaa viwili vitatu juu ya meza. "Simu yangu siioni. Hebu nipigie, mwanangu."

Akatoa yake, akabonyeza. Simu yangu ilikuwa chini ya rundo la kola.

"Atanuna siku mbili, atazoea," alisema mwanangu kutoka chini ya kola.

Akaiangalia simu iliyo mkononi mwake.

"Atanuna siku mbili, atazoea. Atanuna siku mbili, atazoea."

Mlio ukishika, hauachi mpaka mtu apokee au akate. Mimi sikupokea. Yeye alisahau kukata. Alikuwa amekaa tu, kinywa wazi, anajisikiliza. Mara ya tano mkewe akamnyang'anya simu, akakata yeye.

"Mama," mkwe akasema, "kumbe unatuchunguza?"

"Mumeo ndiye aliyenitumia. Mimi nilipunguza urefu tu."

Wifi akakohoa ndani ya khanga, nikajua anacheka.

Mwanangu akapata sauti. "Mama, hayo ni maneno ya nyumbani, ya mtu na mkewe."

"Na chumba ni cha nani?"

"Chumba ni chako. Lakini unajitesa. Mwambie," akamgeukia dada yake, "wewe si ndiye unayejua mambo ya afya."

Binti yangu akakaribia. Huyu, wasomaji wangu, ndiye niliyekuwa namtegemea. Huyu ndiye aliyelala chini ya cherehani hii akiwa mchanga, kwenye kikapu, kwa sababu sauti ya cherehani tu ndiyo ilimnyamazisha.

"Mama, kidole chako kilitobolewa na sindano."

"Kilikuwa kidole chako?"

"Mama."

"Nimekuuliza. Mimi niliitoa sindano, nikakifunga kidole, nikamaliza sketi. Mwenye sketi hajalalamika."

"Basi kesho nenda kliniki ya macho upimwe. Hilo tu. Mengine tutazungumza baadaye."

"Kesho?" wifi akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Ndiyo, shangazi. Kesho asubuhi."

"Kesho Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Kliniki ya macho ni Jumatano, mwanangu. Mimi nakwenda tangu mwaka juzi. Jumatatu pale ni meno."

Nikatoa ile kadi kwenye droo ya cherehani, nikavaa miwani, nikaisoma polepole kama tulivyofundishwa, neno kwa neno. Hakukuwa na muhuri. Na ile namba saba ilikuwa na kimstari katikati. Namjua mmoja tu anayeandika saba hivyo. Nilimfundisha mimi, juu ya meza hii, kwa chaki ya kuchorea vitambaa.

"Hii umeandika wewe," nikamwambia binti yangu.

Akaangalia viatu vyake. "Waliniambia ni kukutoa nyumbani asubuhi moja tu."

Nimevumilia mengi, nanyi mnaonisoma mmeyasikia wiki baada ya wiki. Nimezika mume. Nimeibiwa jora zima la kitambaa cha bluu. Lakini mtoto kutumia mwandiko niliompa ili anidanganye nao, hilo lilikuwa jipya.

Sikununa. Nataka liandikwe gazetini hivyo: sikununa.

"Sikilizeni," nikasema. "Kesho sitoki. Keshokutwa sitoki. Saluni mtafungua mnapojua nyie, mkwe wangu, na nywele zangu nitakuja kusukwa kwako na utafurahi kuniona. Lakini cherehani haitoki kwenye chumba hiki."

Mkwe akainuka, akasema anatoka kupata hewa, akaenda uani na simu yake.

Mwanangu alikuwa bado ameinama. Halafu akainua uso, na ule upole ulikuwa umekwisha.

"Mama, sikutaka tufike hapa. Cherehani si yako."

"Rudia."

"Cherehani si yako. Ni ya shangazi. Babu alimnunulia yeye, na wewe unajua."

Ni kweli. Hilo sijawahi kuwaandikia, na leo nalikiri. Nilipoolewa, cherehani ilikuwa ya wifi. Baba yake alimnunulia ajifunze kushona, akajifunza wiki mbili, akaichukia. Akaniambia, "Wifi, chukua, ushone nayo kidogo." Nimeshona nayo kidogo kwa miaka thelathini na tisa. Hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo tena, si yeye, si mimi.

"Na shangazi ameshaitoa," mwanangu akaendelea. Akafungua mfuko wa shati, akakunjua karatasi. "Amenipa mimi. Dole lake hili hapa."

Nikaichukua. Ilichapwa kwa mashine, ikasema kwamba mwenye cherehani anamkabidhi mtoto wa kaka yake, aitoe, aiuze, au aiweke apendapo. Chini palikuwa na doa la wino wa zambarau, duara lenye mistari myembamba.

"Wifi," nikamwita. "Uliweka dole kwenye karatasi?"

Wifi alikuwa ameacha kutikisika kwa kicheko. "Ile ya jicho?"

"Nani alikwambia ni ya jicho?"

"Yeye." Akaelekeza fimbo, si sawasawa alipo mwanangu, kidogo pembeni, alipoisikia pumzi yake. "Alikuja na kisahani cha wino. Akasema nikiweka dole, hospitali watanirudishia zamu yangu."

Binti yangu akajishika mdomo. Hilo hakulijua, nilimwona usoni kwamba hakulijua.

"Kaka," akasema, "hilo umelifanya kweli?"

"Nilikuwa nitaishughulikia na zamu pia," mwanangu akasema. "Yote kwa pamoja."

Nikasikia magurudumu nje. Mkokoteni ulisimama mbele ya dirisha langu, na mkwe akaingia kwa mlango wa uani, hanitazami. Nyuma yake akaingia mbeba mizigo, mtu mzima, taulo shingoni, kamba begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kuwakuta kwenye mazungumzo. Kazi niliambiwa ni kesho, sasa naona imevutwa leo. Nimetumwa cherehani."

Nilivuta kiti changu, nikakaa, nikaweka sketi chini ya mguu wa sindano, nikaushusha. Nikaanza kushona. Ilikuwa sketi ya msichana wa darasa la tatu, marinda kumi na manne, na nilikuwa nimebakiza manne.

Mbeba mizigo akasimama katikati ya chumba. Alitazama karatasi mkononi mwa mwanangu, akanitazama mimi, akajikuna shingo.

"Jamani, mimi ni mtu wa kazi. Sitaki kuingia kwenye lawama. Mwenye mzigo ni nani hapa?"

"Muulize yule mama mwenye fimbo," nikasema. "Mwenyewe ni yeye. Akikwambia ibebe, utabeba. Akikwambia iache, utaiacha."

Nilisema hivyo kwa kiburi, kwa sababu nilikuwa na hakika. Tumekula sahani moja mimi na wifi tangu tuna meno yote.

Mwanangu akavuka chumba kwa hatua mbili, akachuchumaa mbele ya kigoda. Akamshika shangazi yake mkono, akamsogelea sikioni, akamnong'oneza. Alinong'ona muda mrefu. Cherehani yangu ilikuwa inapiga kelele, na neno moja tu lilinifikia: zamu. Niliona tu vidole vya wifi vikikaza juu ya fimbo, kisha vikalegea.

Mwanangu akasimama, akarudi nyuma.

"Mama," mbeba mizigo akamuuliza wifi kwa upole, "cherehani hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Nifanye nini?"

Wifi aligeuza uso upande wa dirisha, mbali na mimi, kwenye mwanga asiouona vizuri.

"Ibebe, mwanangu," akasema.

Rinda la kumi na moja lilikuwa nusu. Mbeba mizigo akatupa kamba chini, akainama, akaishika miguu miwili ya mbele ya cherehani. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, na sikuutoa.